Je, hadithi nzuri inausafisha uchafu uliouzwa pamoja nayo?



Swali la juma hili limetoka kwa vijana wenye kusoma kwa simu na kompyuta. Wanasema: kuna hadithi tunazozisoma huko, zimetuliza machozi, zimetufundisha kuwaonea huruma wagonjwa na kuwaheshimu wazazi, lakini ndani yake mna kurasa za uchi. Je, tuziache zote? Tungeweza kujibu kwa neno moja na kufunga mlango. Lakini jibu la namna hiyo halimfundishi mtu kupima, na kesho akikutana na kitu kingine kipya atarudi tena mikono mitupu. Basi tupime pamoja.

Kwanza tueleze kitu chenyewe, maana wazee wengi hawajakiona. Huko Japani kuna aina ya vitabu visivyopigwa chapa kwenye karatasi, bali vinasomwa kwenye kioo cha kompyuta, na siku hizi kwenye simu pia. Tutaviita riwaya za picha. Nyuma panaonekana mahali palipochorwa, labda chumba au njia ya kijijini. Mbele amesimama mtu wa kuchorwa. Chini kuna maneno, na muziki unapigwa polepole. Msomaji anabonyeza, maneno yanaendelea. Mara kwa mara hadithi inasimama na kumwuliza: umfuate huyu au yule? useme kweli au unyamaze? Jibu lake linageuza mwisho wa hadithi. Nyingine huchukua saa 50 na zaidi kumalizika. Kwa hiyo huku ni kusoma hasa, na mtu asikudharau kwa sababu tu kunafanyika kwenye kioo.

Na nzuri zimo. Mwaka 2005 kikundi kidogo cha Wajapani kiitwacho Stage-nana kilitoa bure riwaya iitwayo Narcissu. Ni habari ya kijana na msichana walioambiwa hospitalini kwamba ugonjwa wao hauna dawa. Hawataki kufia hospitalini, wala hawataki kufia nyumbani, basi wanachukua gari na kuondoka. Picha zake ni chache mno, na hakuna uchi hata mahali pamoja. Anayeisoma hujiuliza maswali ambayo sisi tunayasikia kila tunapozika. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2006, kundi liitwalo 07th Expansion liliuza sehemu kwa sehemu riwaya ya Higurashi katika soko kubwa la wachoraji na waandishi wa kujitegemea linalofanyika Tokyo. Michoro yake ilikuwa ya mkono usio na ufundi mwingi. Ina damu nyingi, wala si ya mtoto mdogo, lakini haikuhitaji zinaa ili ipendwe, na ikapendwa Japani nzima.

Sasa tuje kwenye biashara, kwani hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Kwa miaka mingi riwaya nyingi za namna hii ziliuzwa huko kwa wateja waliozoea kutafuta picha za uchi. Mwandishi aliyekuwa na hadithi ndefu ya huzuni aliipeleka katika soko hilo, na desturi ya soko ilikuwa kwamba mahali fulani ndani yake pawekwe kurasa za aibu. Kampuni ya Key ilitoa Kanon mwaka 1999, kurasa hizo zikiwemo. Mwaka 2000 kampuni ile ile ikaitoa Kanon bila kurasa hizo, kwa watu wa umri wote. Riwaya yao nyingine, Air, ikapita njia hiyo hiyo: mwaka 2000 ikiwa nazo, mwaka 2001 bila. Fate/stay night ya Type-Moon ilitoka mwaka 2004 ikiwa nazo. Mwaka 2007 ikatolewa kwa mashine ya PlayStation 2 bila hizo, tena ikiongezwa sauti za waigizaji. Na ilipouzwa rasmi kwa Kiingereza mwaka 2024, iliyouzwa ni hiyo iliyoondolewa.

Ndugu zangu, tazameni vizuri ushahidi huu. Vijana wetu hutetea kurasa zile wakisema kwamba ni sehemu ya hadithi, na kwamba ukizitoa umekata kiungo cha mwili. Lakini aliyezikata ni mwenye mali mwenyewe! Alizikata, hadithi ikasimama, watu wakalia vile vile, na mauzo yakaendelea. Basi hazikuwa kiungo. Zilikuwa chambo kwenye ndoana. Wala tusimsifu upesi kwa kuzikata, kwa maana hakusukumwa na haya: wenye mashine zile za michezo hawakuruhusu vitu hivyo kupita mlangoni kwao, naye alitaka kuingia katika soko lao. Mnunuzi mpenzi, aliyekwisha kununua toleo la kwanza, akanunua na la pili kwa ajili ya sauti na nyongeza. Mtu kuuza bidhaa moja mara mbili akisema wazi nini kimeongezwa, hatuwezi kuliita wizi. Ila inaonyesha nani aliyekuwa akifikiriwa: ni mfuko wa msomaji kabla ya moyo wake.

Na Key hao hao mwaka 2004 wakatoa Clannad, hadithi ya kijana aliyegombana na baba yake mlevi, hata yeye mwenyewe akawa baba. Hiyo haikuwa na kurasa za uchi tangu siku ya kwanza. Je, ilikufa sokoni? Kuanzia mwaka 2014, miaka 10 baadaye, wapenzi wake walichanga zaidi ya dola 500,000 ili itolewe rasmi kwa Kiingereza. Anayesema kwamba wema hauuziki, na aiangalie hesabu hiyo.

Tunajua sote habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono wake ndani ya fungu la nafaka, vidole vikakuta majimaji chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiweke iliyolowana juu, watu waione. Mafunzo ya kisa hiki hayakomei kwenye nafaka. Hata mali yenye kasoro ina njia yake ya kuuzwa, nayo ni kuweka kasoro juu. Kwa Wajapani, mwaka 1991 kulitokea fujo baada ya mwanafunzi wa shule kuiba dukani mchezo wa uchi, na mwaka 1992 wenye makampuni wakaunda chombo chao cha kukagua bidhaa na kuzitia alama ya umri. Hilo ni kuweka iliyolowana juu, na kwa kadiri hiyo ni jambo jema. Lakini ikaingia hila nyingine: watu wa hadithi wamechorwa kama watoto wa shule, wamevaa sare za shule, kisha panaandikwa kwamba wote wametimiza miaka 18. Hapo alama yenyewe imekuwa uongo. Macho yanaona kimoja na karatasi inasema kingine. Hatuoni namna ya kulitetea, hata hadithi iwe nzuri kiasi gani.

Hapa pana hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Wale walioanzisha Key walikuwa wamefanya kazi kabla katika kampuni nyingine ya bidhaa hizo hizo za watu wazima. Huko ndiko walikojifunza na huko ndiko walikopata mkate. Soko lile chafu lisingekuwako, pengine Clannad isingeandikwa. Tuseme nini? Sisi tunaona kwamba neno la kweli ni la kweli, hata likitoka katika nyumba mbaya, na haitupasi kulikana. Aliyeandika vizuri habari ya baba na mwana ameandika vizuri. Lakini uzuri wa kazi ya pili haurudi nyuma kuosha hesabu ya ile ya kwanza. Mtu akichimba kisima kwa fedha ya pombe, maji tutasema ni matamu, na pombe tutaiita pombe. Wanaochanganya hesabu hizi mbili hukosea kila upande: mmoja anaikana kweli kwa sababu ya nyumba ilikotoka, na mwingine anaisifu nyumba kwa sababu ya kweli iliyotoka humo.

Simu zimeleta namna nyingine ya biashara, na hii iko karibu nasi zaidi, kwani ziko simu hata katika nyumba zisizo na kompyuta. Kuna hadithi za kuchagua, mfano zile za Choices zilizoanza mwaka 2016, ambazo unapakua bure. Unasoma, unaanza kumpenda mtu wa hadithi, kisha panafika mahali pa kuchagua. Nguo nzuri ya kwendea karamuni inatakiwa kulipiwa kwa almasi. Nguo ya bure inaweza kukuletea dharau. Mazungumzo na yule unayempenda, almasi tena. Sura ya kusoma ikikwisha, pengine ungoje saa kadhaa au ulipe. (Almasi hizo ni picha tu kwenye kioo. Sisi wa nchi ya Mbuji-Mayi tunayo haki ya kucheka kidogo.) Wakati mwingine linalofungwa nyuma ya almasi ni lile lile la kitandani, likiwa limechorwa kwa kificho tu ili lipite.

Tatizo la biashara hii hata kabla ya kufika kwenye uchafu ni kwamba bei haijulikani. Kitabu kina bei, unalipa, ni chako hadi ukurasa wa mwisho. Huku unaingia bure, na hakuna anayekuambia mwanzoni kwamba kuisoma hadithi hii kama inavyopasa kutakugharimu kiasi fulani. Wanazuoni wetu wanaita gharari biashara isiyojulikana kipimo chake, na mfano wao wa zamani ni kuuza samaki angali ndani ya maji. Kwa maoni yetu jambo hili lina harufu hiyo. Tena linatumia huruma ya msomaji dhidi yake mwenyewe: umekwisha kumpenda mtu, sasa lipa asiaibishwe. Afadhali muuzaji anayesema, hii ni dola 10, chukua.

Wengine watasema, basi serikali na mabenki wafunge yote. Tutazame yaliyotokea mwaka 2025. Mwezi wa saba, baada ya kampeni ya kikundi kimoja cha Australia, makampuni yanayopitisha malipo ya kadi yaliyabana maduka makubwa ya michezo ya kompyuta. Duka la Steam likaondoa michezo mingi. Duka la itch.io, ambako waandishi wadogo huuza kazi zao, likazificha katika utafutaji kazi zote zilizotiwa alama ya watu wazima. Kuna yaliyoondolewa ambayo hatuyalilii hata kidogo. Lakini fikirini ni nani alifichwa: ni yule aliyetia alama. Aliyeandika kwa uaminifu, "humu mna jambo la watu wazima", pengine kwa sababu anasimulia habari ya mwanamke aliyedhulumiwa, kazi yake ilitoweka katika orodha. Mwenye uchafu ambaye hakutia alama alibaki juu ya meza. Yaani aliyeweka nafaka iliyolowana juu ndiye aliyefukuzwa sokoni, na aliyeificha chini akaendelea kuuza. Hatusemi soko lisikaguliwe. Lakini mkaguzi anayewaadhibu wakweli anawafundisha wengine kusema uongo, na sisi tunaotaka usafi tusimshangilie haraka.

Limebaki swali la kijana mmoja aliyesema: "Mimi nilinunua ile safi, toleo la wote." Vizuri. Ila wenye kusoma riwaya hizi wanajua mchezo uliofanyika miaka mingi katika duka la Steam, hasa kabla duka hilo halijafungulia mlango vitu vya watu wazima mwaka 2018. Muuzaji aliweka pale riwaya iliyokatwa, na zile kurasa zilizokatwa akaziweka mahali pengine, bure au kwa bei ndogo, faili ya kuongezea. Hapo hawezi tena msomaji kusema kwamba alinunua hadithi akakuta uchafu ndani yake. Hadithi alikwisha kuwa nayo, kamili, mwanzo hadi mwisho. Faili ile ya pili haikuwa na hadithi. Ilikuwa na kile kingine peke yake, naye aliifuata kwa jina lake. Vijana wanaotuambia kwamba wanasoma kwa ajili ya hadithi, sisi tunawaamini, na ndiyo maana tunawaambia kwamba toleo bila nyongeza linawatosha.

Nanyi wazazi, msinyang'anye simu kabla ya kuuliza. Jina peke yake halitoshi kuhukumu, kwa maana jina moja lina matoleo mawili. Mkikuta Kanon, ulizeni kama ni ya 1999 au ni ile ya watu wote ya mwaka 2000. Mkikuta Fate/stay night, ulizeni kama ni ya 2004 au ni ya 2007 na zilizofuata. Na hata hiyo ya pili ina vita na mauaji, si ya mtoto wa miaka 8. Mkikuta Katawa Shoujo, iliyotolewa bure mwaka 2012 na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, jueni kwamba waliweka ndani yake, katika ukurasa wa mipangilio, mahali pa kuzima kurasa za uchi. Mwambieni kijana awafungulie ukurasa huo, mtazame pamoja kama pamezimwa.