Watoto Wacheze, Kijiji Kinywe

Mwaka 1989, kwenye maonyesho ya kilimo huko Afrika Kusini, mfanyabiashara wa matangazo aitwaye Trevor Field aliona kitu kilichomsimamisha. Ilikuwa bembea ya kuzunguka, ile ambayo watoto huisukuma mbio kisha wakairukia, lakini hii ilikuwa imeungwa na pampu ya kisima. Ikizunguka, fimbo iliyo ndani ya bomba hupanda na kushuka, na maji huvutwa mpaka kwenye tangi la lita 2,500 lililoinuliwa mita saba hivi juu ya ardhi. Field aliipenda, akaongezea hesabu za kazi yake mwenyewe: pande nne za tangi ziwe mabango. Mawili yauzwe kwa kampuni zenye bidhaa, mawili yabebe mafunzo ya afya, hasa ya Ukimwi. Pesa za matangazo ndizo zingelipa mafundi. Kifaa kikaitwa PlayPump.

Nani angekataa? Watoto wanacheza, mama anajaza ndoo, kampuni inajitangaza, na hakuna anayedaiwa. Mwaka 2000 Benki ya Dunia ikakipa tuzo. Septemba 2006, kwenye mkutano wa Bill Clinton jijini New York, Laura Bush, mke wa rais wa Marekani wakati huo, akatangaza dola milioni 16.4 kutoka serikali ya Marekani na wafadhili binafsi, ukiwemo wakfu wa Steve Case, tajiri wa kampuni ya intaneti ya AOL, na mkewe Jean. Lengo lilikuwa pampu 4,000 katika nchi kumi za Afrika ifikapo 2010, ziwanyweshe watu milioni 10.

Ukigawanya, kila pampu inaangukiwa na watu 2,500. Mpe kila mmoja lita 15 kwa siku, kiasi ambacho hata kufulia hakitoshi, unapata lita 37,500. Watengenezaji wenyewe walisema pampu ikizungushwa bila kupumzika hutoa lita 1,400 kwa saa. Kwa hiyo watoto wangetakiwa kucheza karibu saa 27 kila siku. Hesabu hii ya darasa la sita ilichapishwa na gazeti la Guardian la Uingereza mwaka 2009, pampu zikiwa tayari zimeshatapakaa kusini mwa Afrika.

Kuna jambo jingine ambalo mtoto yeyote angewaeleza mapema, kama angeulizwa. Utamu wa bembea ya kuzunguka ni kwamba ukishaisukuma, inaendelea yenyewe. Hii ya maji haiendelei. Inabeba uzito wa maji kutoka chini, ukiacha kusukuma nayo inasimama. Watoto walichoka upesi wakaenda zao, na kazi ikarudi kwa mama zao. Mwanamke mzima, wakati mwingine mzee, alilazimika kuinama na kuzungusha mchezo uliopimwa kwa kimo cha mtoto, tena mbele za watu. Wengine walisema wazi kwamba wanaona aibu.

Owen Scott, mhandisi wa Kanada aliyefanya kazi Malawi, aliandika kwamba kila alipofika kwenye mojawapo ya pampu hizi alikuta wanawake na watoto wakihangaika kuizungusha kwa mikono, hakuna anayecheza. Ila akitoa kamera tu, watoto walichangamka wakaanza kuirukia, na baada ya dakika tano mahali pote pakawa na sura ya mafanikio makubwa. Nadhani picha za namna hiyo ndizo zilizokuwa zikisafiri hadi New York.

Wala usidhani kila pampu ilikuja na kisima chake. Mara nyingi bembea ilifungwa juu ya kisima kilichokuwepo, baada ya kung'oa pampu ya mkono ambayo watu walishaizoea. Mtambo mmoja uligharimu kama dola 14,000, karibu mara nne ya pampu ya kawaida. Na mabango? Fikiria wewe ni meneja masoko wa kampuni ya sabuni au simu. Utalipia tangazo porini Msumbiji, mahali ambapo wapitao ni akina mama wenye ndoo? Vijijini mabango mengi yalibaki matupu. Bila tangazo hakuna pesa, bila pesa fundi haji. Mtambo ulipoharibika, kijiji kilisubiri, pengine kwa miezi, kwa kuwa hakikuwa na vipuri wala ujuzi wa kuufungua. Kilichokuwepo zamani kilishaondolewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo, tena lilitoka huku kwetu. Miaka ya 1980, kwenye mradi wa maji wa Kwale, pwani ya Kenya, wataalamu walikuwa wakiijaribu na kuirekebisha pampu ya mkono iliyokuja kujulikana kama Afridev. Waliitengeneza kwa swali moja: ikiharibika, nani ataifungua? Spana moja inatosha kwa kazi nyingi za matengenezo, na fimbo zake huvutwa juu kwa mkono bila winchi. Kamati za maji, wanawake wakiwemo, zilifundishwa kuitunza. Haina bango na haipendezi kwenye picha. Leo imeenea Malawi na Msumbiji kuliko pampu nyingine nyingi.

Jean Case alikiri hadharani mwaka 2010 kwamba mradi haukufikia walichokusudia. Namheshimu kwa hilo. Kampuni nyingi ninazozijua zingebadilisha nembo na kunyamaza. Pampu zilizobaki zilikabidhiwa shirika la Water For People, ziwe chaguo mojawapo kati ya mengine, kijiji chenyewe kiamue.

Somo hili linatuhusu Tanzania pia, kwa miradi inayofadhiliwa na kampuni za madini. Tangu marekebisho ya 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Mlango huo ni mpana kuliko waliopewa wanavijiji wa Malawi. Lakini kinachoonekana zaidi kwenye habari ya saa mbili usiku ni mfano wa hundi uliobebwa na watu wanne, fulana zenye nembo, utepe na mgeni rasmi. Kabla utepe haujakatwa, wakati mpango ungali rasimu mezani, diwani anaweza kuuliza kipuri cha mtambo huu kinauzwa duka gani, kwa shilingi ngapi, na fundi wake analala kijiji gani. Akijibiwa kwamba fundi atatoka Dar es Salaam, aikunje rasimu na kuirudisha.