Mwenye Tiketi ni Nani?

Katika maandishi mengi yahusuyo utamaduni wa taifa letu, mpira wa miguu hutajwa kwa haraka, kana kwamba ni jambo la vijana tu na la mwisho wa juma. Na pale unapotajwa kwa kirefu, wanaosifiwa au kulaumiwa ni wachezaji, viongozi wa vilabu na waamuzi. Mtazamaji husahauliwa. Yeye huhesabiwa tu: walikuwa elfu kadhaa, mapato yakawa kiasi fulani. Lakini mtazamaji ndiye aliyeacha shamba lake, akasafiri, akakaa juani mchana kutwa. Nasi tunaona kwamba ndani ya safari yake hiyo ya siku moja limefichika swali zito la maadili, ambalo walimu na wanafunzi wetu wangefaa kulijadili darasani. Mtu aliyenunua tiketi anamdai nini yule aliyemwuzia? Naye anadaiwa nini?

Tuanze nyumbani. Mtu wa Kwaluguru, au wa kijiji kingine cho chote cha Handeni na Korogwe, akitaka kuuona mpira mkubwa kwa macho yake ana njia mbili. Ya kwanza ni ya Tanga, kwenye Uwanja wa Mkwakwani, nyumbani kwa Coastal Union, mabingwa wa Tanzania Bara wa mwaka 1988. Wao huitwa Wagosi wa Kaya, na Mzigua hahitaji kamusi kulielewa jina hilo, maana kwake mgosi ni mwanamume na kaya ni nyumbani. Njia ya pili ni ya Dar es Salaam, kwenye uwanja mkubwa wa Temeke uliofunguliwa mwaka 2007, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi ya watu wapatao 60,000. Huko ndiko Simba na Yanga hukutana.

Safari yenyewe huanza usiku. Mtu hupanda pikipiki gizani mpaka penye lami, akashuka hadi Mkata, na hapo barabara humtaka achague: kusini ni Chalinze na Dar es Salaam, kaskazini ni Segera na Tanga. Wa Korogwe naye hupitia Segera hiyo hiyo. Nauli yake haitoki mfukoni, hutoka ghalani. Ni madebe ya mahindi, au jogoo wawili, na akiwa anakwenda Dar es Salaam na mwanawe, huenda ikawa mbuzi. Tunayataja haya kwa sababu mwuza tiketi huiona bei iliyoandikwa kwenye tiketi peke yake, akadhani kwamba hiyo ndiyo gharama ya mpira.

Wapo wanaomlaumu mtu huyu. Husema ni mpotevu, anakula mbegu, anawaacha watoto bila madaftari. Sisi wenyewe tumepata kuyasema maneno hayo katika mikutano ya hadhara, tukiwa tumevaa vizuri na tumeletwa na gari la serikali, na leo tunakiri kuwa tulisema bila kufikiri. Yule mzee aliyetusikiliza kwa adabu hakuwa mjinga. Wazee wa rika lake waliufuata mpira kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kijiji kizima wakikizunguka chombo kimoja, betri zikianikwa juani asubuhi ili zipate nguvu ya jioni. Leo vijana hulipa kidogo wakauona katika vibanda vya televisheni, wanavyoviita vibanda umiza. Kwa hiyo habari ya mpira anayo. Anachokifuata mbali ni kuwapo. Hatumwiti mpotevu mtu aliyetoka Kwaluguru kwenda harusini Tanga, ingawa nauli ni ile ile na harusi nayo huisha kwa siku moja. Ni kweli kwamba mtu anaweza kuvuka mpaka. Akiuza mbuzi wa ada ya shule hatutamtetea. Lakini huyo hata harusi ingemfanya vivyo hivyo.

Sasa tulitazame lile swali. Jibu la kwanza linalokuja kinywani ni kwamba mwenye tiketi ni mteja. Ametoa fedha, apewe bidhaa. Asipopewa bidhaa, arudishiwe fedha. Jibu hili lina haki ndani yake, lakini ni fupi mno. Chukua jambo lililotokea Mei 8, 2021. Mchezo wa Simba na Yanga ulikuwa umetangazwa kuanza saa 11 jioni. Siku ile ile, watu wakiwa njiani na wengine wameshaketi, ukasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga walifika kwa saa ya kwanza, wakaondoka, Simba wakafika kwa saa ya pili, mpira haukuchezwa. Ulikuja kuchezwa Julai 3. Aliyeketi nyumbani Kariakoo alipoteza jioni moja. Je, aliyetoka Handeni? Kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2023, mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kukesha barabarani. Saa mbili ambazo kwa mwenye mji ni kusubiri tu, kwake yeye ndizo zilizokuwa tofauti baina ya kulala nyumbani na kulala kituoni. Hata tiketi ikitambuliwa siku nyingine, nauli haitambuliwi. Usiku wa kituoni hautambuliwi. Na jambo hili halikuwa la mara moja: Machi 8, 2025 mchezo wa watani hao hao uliahirishwa tena siku yenyewe ya kuchezwa, ukachezwa Juni 25. Ukiifuata hesabu ya mteja na mwuzaji, hakuna aliyemwibia mtu. Na bado kila mwenye moyo anajua kwamba watu wamedhulumiwa.

Jibu la pili ni kwamba mwenye tiketi ni mgeni. Jibu hili lina utamu, maana limetoka katika mila zetu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kwa kweli vilabu vyetu hupona kwa fedha ya mlangoni. Mgeni hupewa kiti na maji, na akiondoka husindikizwa. Uwanja ungefuata mila hii, tusingekuwa na makala ya kuandika. Lakini tuwe waangalifu. Mgeni hupewa, hadai. Mgeni akinyimwa chakula hunyamaza, kwa kuwa adabu humkataza kusema. Wako viongozi ambao wangefurahi sana kuwaita watazamaji wageni kwa sababu hiyo hiyo.

Sisi tunaona kwamba mfano ulio karibu zaidi ni wa yule aliyetoa mchango wa harusi. Kila mtu wa nchi hii anaujua utaratibu huo: unaandikwa katika daftari ya kamati, unatoa, unaletewa kadi. Kadi ile si risiti, wala si zawadi. Umelipa, lakini hukununua chakula. Umealikwa, lakini hukualikwa bure. Ukifika ukakuta wali umekwisha, huendi kwa mhazini kudai fedha yako. Lakini kamati itaona haya, na aibu hiyo itatembea nayo mpaka harusi nyingine. Na wewe nawe una wajibu: uvae vizuri, uitikie nyimbo, usiwatukane wa upande wa pili, wala usiondoke na viti. Shughuli ni yako kwa sehemu. Tiketi ya mpira, kwa maoni yetu, ni kadi ya namna hiyo. Haiuzi ushindi, wala haiwezi. Inamfanya mtu kuwa mwenye shughuli.

Tukikubaliana hivyo, mambo mengi yaliyoonekana madogo yanakuwa makubwa. Chukua chakula. Nje ya Mkwakwani hukosi muhogo wa kukaanga wenye chachandu ya pilipili, mayai ya kuchemsha, karanga na kashata, na machungwa ya Muheza yaliyomenywa kwa kisu, maganda yakianguka mkufu mmoja mrefu. Akina mama wenye masinia hayo hawakualikwa na mtu. Na bado bila wao nusu ya uwanja ingekaa na njaa tangu alfajiri hadi magharibi. Hawa ndio wapishi wa shughuli. Na ndio hao hao hufukuzwa na askari wakikaribia mlango, wakaambiwa wanachafua mazingira. Mlangoni chupa ya maji huzuiwa, na sababu yake yaeleweka, maana chupa hurushwa. Lakini anayekuzuia kuingia na maji yako amejitwika wajibu wa kukunywesha. Akiyauza ndani kwa bei ya juu, akijua kwamba huna pengine pa kwenda, amegeuza kiu yako kuwa mtaji. Mwenyeji gani humnyang'anya mtu kibuyu chake mlangoni, kisha akamwuzia maji ya mtungi? Tunakubali kwamba bei ya mjini si ya kijijini, na mwuza soda naye analipia nafasi yake. Maji ya kunywa ya bomba, lakini, hayaombi mtaji mkubwa.

Sasa yatubidi tuseme neno lisilotupa sifa. Miaka mingi iliyopita, tungali vijana kazini, tuliazimwa siku moja kusaidia mlangoni katika kiwanja kimoja ambacho hatutakitaja. Tiketi zilitakiwa zichanwe vipande viwili, kimoja kitiwe sandukuni. Mwenzetu wa mlangoni alikuwa hazichani. Alizikunja, na kijana mmoja alikuwa akizirudisha dirishani ziuzwe upya. Tulilitambua jambo hilo kwa sababu tiketi moja yenye alama ya kidole cha mafuta, nadhani mafuta ya muhogo, ilifika mkononi mwetu mara mbili. Tulinyamaza. Wakubwa wetu walikuwapo, na sisi tulikuwa tumeshapewa nafasi mbili za bure za shemeji zetu.

Kiwanja kilijaa kabla ya wakati, milango ikafungwa. Nje wakabaki watu wenye tiketi halali. Miongoni mwao alikuwa mzee mmoja wa huku kwetu, amemshika mjukuu wake mkono. Alitutambua. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akainyosha tiketi yake na kutuuliza, "Mwanangu, hii si tiketi?" Tukamjibu, "Ni tiketi, mzee, ila uwanja umejaa." Hakugomba. Alikwenda akaketi chini ya mti, akamnunulia mtoto chungwa, wakawa wanasikiliza kelele za ndani na kukisia ni nani aliyefunga.

Tumelifikiri jibu letu lile kwa miaka mingi. Lilikuwa kweli, neno kwa neno: ilikuwa tiketi, na uwanja ulijaa. Hata hivyo lilikuwa uongo, kwa sababu tulijua uwanja ulijazwa na nini. Nafasi ya mzee ilikuwa imeuzwa mara ya pili, na sisi tulikuwa tumelipwa kwa sehemu ya nafasi hiyo. Wanafunzi huuliza kama mtu aweza kuiba bila kugusa kitu. Twawajibu kwamba aweza, akiwa amesimama mlangoni na mikono yake nyuma.

Siku hizi katika viwanja vikubwa zipo kadi za kielektroniki, na mtambo hauna shemeji. Hilo ni jambo jema nasi tunalipongeza. Lakini mtambo huhesabu tu, haupokei watu. Mei 28, 2023, Yanga walipocheza na USM Alger ya Algeria katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ulitokea msongamano katika Uwanja wa Mkapa. Mtu mmoja akafa na wengine wakajeruhiwa. Msongamano huzaliwa mahali ambapo watu hawaamini kwamba nafasi yao inawangojea. Mtu aliyekwisha kufungiwa nje mara moja na tiketi mkononi hawezi kufundishwa kupanga foleni kwa kipaza sauti.

Deni la upande wa pili hatulisahau. Oktoba 1, 2016, mashabiki waliokasirishwa na bao waling'oa viti vya uwanja ule ule mkubwa. Viti vile vilikuwa vyao. Hatutaki kuwapa udhuru kwa kusema kuwa waliteswa mlangoni. Yule mzee wa chini ya mti aliteswa zaidi na hakuvunja hata tawi. Lakini mwalimu anayewafundisha vijana adabu ya uwanjani, asipowafundisha pia haki yao ya saa iliyotangazwa, ya maji, ya choo safi na ya njia ya kurudi nyumbani, amewafundisha nusu ya somo.

Juzi tulionyeshwa daftari na vijana wa Kwaluguru wanaojiandaa kwenda Dar es Salaam. Wamelipiga mistari kwa rula, kama daftari ya kamati ya harusi: jina, nauli, tiketi, chakula. Mkono wa kulia wameongeza safu ya tano, nayo ina fedha nyingi kuliko ya tiketi. Juu yake wameandika: "Kulala, mpira usipochezwa."