Maradhi ya Kuenea na Shauri la Watawala

 

Katika darasa yetu ndugu mmoja aliuliza: maradhi yakiingia katika nchi, serikali hujuaje ni jambo lipi litangulie na lipi lingoje? Kisha akaongeza kuwa hayo ni mambo ya wakubwa, dini haina neno ndani yake. Hilo la pili silo, na dalili yake ni safari ya Sayyidna Umar.

Katika mwaka wa 18 wa Hijria (639 Miladia) Sayyidna Umar alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika Sargh alilakiwa na majemadari wake, Abu Ubayda miongoni mwao, wakampa khabari ya kuwa tauni imeingia Sham. Hakutoa amri papo hapo. Aliwaita Muhajirina wa kwanza akawataka shauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana vile vile. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa Fat-hi, na hao hawakutofautiana hata wawili: watu warudishwe, wasitiwe katika maradhi. Umar akatangaza kuwa asubuhi atarejea. Abu Ubayda akamuuliza, je, waikimbia kadari ya Mungu? Umar akamjibu kwa mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu. Popote alishapo, amelisha kwa kadari. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo kwa haja yake, akasema analo aliloambiwa na Mtume (s.a.w.): nchi iliyo na tauni haiingiwi, na aliyomo hatoki kwa kuikimbia.

Tazameni basi. Mabaraza matatu kwa jambo moja. Aliyepinga alipinga mbele ya Amiri akajibiwa kwa hoja. Na aliyechelewa hakuambiwa baraza limekwisha.

Sasa tuje kwetu Kenya, mwaka wa 2020. Tarehe 26 Februari ndege kutoka China ilitua Nairobi na abiria 239. Mfanyakazi wa uwanja akaipiga picha, picha ikaenea, watu wakapiga kelele, wengine wakaenda kushitaki. Tarehe 28 Mahkama Kuu ikazisimamisha kwa muda ndege za kutoka China, na siku ile ile Rais akaunda kamati ya kukabiliana na maradhi chini ya Waziri wa Afya. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi. Hatusemi serikali ilikuwa imelala. Twasema sauti iliyotoka chini iliisukuma.

Lakini tarehe 27 Machi ilipoanza amri ya kutotoka nje, tangu saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri, watu walisongamana Likoni kwenye feri, kila mmoja akiikimbilia saa, na askari wakawatupia moshi wa kutoa machozi. Amri iliyotungwa ili watu wasisongamane ndiyo iliyowasonganisha! Lau angaliulizwa mtu mmoja tu avukaye pale kila jioni, angalilisema hilo kabla ya kumaliza kikombe chake cha chai.

Khabari ya karantini ni nzito zaidi. Waliotiwa karantini kwa lazima walitakiwa walipe wenyewe malazi na chakula. Mchukuzi ambaye riziki yake ni ya siku kwa siku, mwenye watoto wanaomngoja, akisikia hayo atajipeleka kupimwa? Atajificha, na maradhi yatajificha naye. Watu wa Mji wa Kale, Mombasa, walilaumiwa kwa kutojitokeza kupimwa, na tarehe 6 Mei mtaa wao ukafungwa, nasi tumo katika Ramadhani. Mwezi huo huo serikali ikakubali kubeba gharama ya karantini katika majumba yake. Swali lililokuwa la kwanza katika kila nyumba ya masikini lilifika mezani mwisho, kwa sababu masikini hakuwa na kiti mezani.

Wala tusiitwike serikali mzigo wote. Sisi tulikuwa wapi? Wako waliokaa barazani, kahawa mkononi, wakasema maradhi haya hayamshiki mwenye udhu. Huu ni ujinga mtupu: Abu Ubayda na Muadh bin Jabal, walio bora kuliko sisi sote, walikufa kwa tauni ile ile ya Amwas. Wako walioijua dhiki ya majirani zao wakanung'unika tu, wasiandike hata barua moja. Pale wakubwa wetu walipoketi na wenzao wa dini nyingine na serikali, misikiti ilifunguliwa mwezi wa Julai, watu wasiozidi 100 kwa muda wa saa moja. Vyuo vya watoto vikabaki vimefungwa, na hilo nalo lilikuwa na wa kuliuliza.

Baada ya Abu Ubayda na Muadh, uongozi Sham ulishikwa na Amr bin al-As. Umar alikuwa mbali, Madina. Amr aliyaona maradhi kwa macho yake. Akasimama akawaamuru watu watawanyike majabalini, katika nchi ile ile. Mtu mmoja akamkadhibisha hadharani, Amr hakumgusa. Akatoka, na watu wakatoka, wakatawanyika, hata tauni ikaondoka. Khabari ya alivyofanya ikamfikia Umar, wala hakuikataa.