Amri ya Nane na Kilio cha Vijana



Twasoma habari za mfalme Rehoboamu, jinsi watu walivyomjia na kilio chao, naye akawajibu kwa ukali, na ufalme ukagawanyika. Mambo ya namna hii hayakukoma siku zile.

Tarehe 16 Desemba 1986, katika Kazakhstan, iliyokuwa chini ya Umoja wa Kisovyeti, Dinmukhamed Kunaev, Mkazaki, aliondolewa katika ukuu wa chama alioushika tangu 1964. Mahali pake wakuu wa Moskva walimweka Gennady Kolbin, Mrusi ambaye hakupata kukaa katika nchi ile. Wenyeji hawakuulizwa. Kesho yake wanafunzi wakakusanyika katika uwanja mkuu wa Alma-Ata, penye baridi kali, wakidai mkuu anayeijua nchi yao. Wakajibiwa kwa marungu na kwa maji ya baridi. Wengine katika umati walirusha mawe na kuchoma magari, wala hatusemi ya kuwa walitenda vema. Maelfu walikamatwa, na wengi wakafukuzwa vyuoni. Kairat Ryskulbekov alihukumiwa kufa. Hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20, naye akafa gerezani mwaka 1988.

Ulimi nao ulipiga. Shirika la habari la serikali liliwaita vijana wale wahuni. Mwaka 1987 chama kikasema ya kuwa huo ulikuwa ukabila wa Wakazaki, na taifa zima likabeba lawama. Neno hilo lilikuja kufutwa mwaka 1990, Kairat akiwa amekwisha kufa.

Hapo Amri ya Nane yatushika na sisi. Vijana wakileta neno mbele ya wazee wa kanisa, twasema upesi: Wamechochewa. Mtu wa kabila jingine akikosa, twasema: Ndivyo walivyo wote. Katekisimo yatufundisha kumtetea jirani, nasi twamhukumu kabla hajamaliza kusema.

Nanyi vijana, dai lenu la haki lisigeuke kuwa chuki. Mrusi aliyekaa jirani na Mkazaki katika Alma-Ata hakumchagua Kolbin.

Basi, ndugu, kabla ya kumpa mtu jina baya, na tumwulize kwanza anataka nini. Bwana na afungue masikio yetu, ndipo afungue vinywa vyetu. Amina.