Hatari Ikija, Je, Pumziko Liondolewe?

Jumapili iliyopita kijana mmoja alinishika mkono nje ya kanisa akaniuliza: "Mchungaji, nchi ikivamiwa, mfanyakazi wa kiwanda cha risasi atadai aje siku ya kupumzika?"

Si swali la mbali. Hapa Kenya risasi zinatengenezwa Eldoret, na tangu 2021 bunduki zinaunganishwa Ruiru. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Je, wakati wa hatari iwekwe kando?

Nilitaka kumjibu haraka kwa Marko 2:27, nikasita. Sisi wa Borabu, huku mpakani, tumekesha kulinda ng'ombe. Mwizi hangojei tupumzike.

Nikarudi kwa Nehemia. Katika sura ya 4 watu walijenga ukuta tangu alfajiri hadi nyota zikatokea, silaha zikiwa karibu. Kwa hivyo kuongeza masaa wakati wa hatari si dhambi. Lakini soma mbele. Nehemia mwenyewe hakuvua nguo alale. Katika sura ya 5 maskini walilia kwamba ndugu zao wanawakamua. Hakuwaambia wangoje adui aondoke kwanza. Aliwakemea wakubwa, wakarudisha mashamba. Na sura ya 6 inasema ukuta uliisha kwa siku 52. Ile kazi ilikuwa na mwisho.

Uingereza nayo ilijifunza hivyo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Viwanda vya silaha vilifanya kazi hata Jumapili. Kamati ya serikali yenyewe, iliyoundwa 1915 kuangalia afya ya wafanyakazi hao, ikaona kazi ya Jumapili haiongezi mali ya maana, kwa sababu mwili uliochoka hufanya kidogo. Ikashauri pumziko lirudishwe.

Basi nilimjibu kijana hivi: masaa yanaweza kuongezwa, lakini uliza mambo matatu. Mkubwa naye yuko shifti gani? Mwisho ni lini? Na kilio cha mchovu kinasikizwa na nani?

Wapendwa, hata sisi tulioajiri wachuma majani chai na wasichana wa nyumbani, tujiulize hayo. Mwenye ng'ombe kumi asilale huku akimwambia mwenye mmoja akeshe.

Mungu atupe moyo wa Nehemia. Amina.