🌙 *Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Fundi akizuia kanzu yako*



Siku hizi mafundi cherehani hawalali, kila mtu anataka kanzu ya Idi. Sasa chukulia umepeleka kitambaa, fundi kashona, kazi imekwisha, ila hela hujamaliza. Anakwambia: "Lete salio kwanza, ndiyo uchukue." Kitambaa ni chako. Je, kakudhulumu?

Wanazuoni waliliangalia suala hili zamani. Kwa Mahanafi, fundi ambaye kazi yake imeacha athari kwenye kitu chenyewe, kama mtia rangi nguo, anaruhusiwa kukizuia mpaka alipwe. Mchukuzi aliyebeba mzigo hana ruhusa hiyo. Kwa nini? Rangi iliyomo kwenye nguo ni jasho la fundi. Mchukuzi hakuacha kitu ndani ya mzigo.

Sheria za nchi zetu nazo zimo humo humo. Tanzania, fundi anaweza kuzuia kitu alichokifanyia kazi kwa ujuzi wake mpaka apate ujira wa kazi ile. Kenya, wakili anaweza kuiomba mahakama iweke ada yake juu ya mali aliyoiokoa kwenye kesi.

Kwa hiyo kuzuia si wizi. Ila fundi, sikiliza: kanzu ile bado ni amana mkononi mwako. Usiivae, usiiazime, usiiuze kimyakimya. Wala usishike kitu kingine cha mteja ambacho hakihusiani na kazi ile. Mtume ﷺ ametufundisha kurudisha amana, na tusimfanyie khiyana hata aliyetufanyia sisi. Tena uliza: hana, au hataki? Suratul Baqara, aya ya 280, inataka mwenye dhiki apewe muda. Usimtangaze mtaani.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana hapo ndipo wengi wetu tulipo.

Fundi ana kanzu ya kushikilia. Je, dada wa kazi ashike nini? Nyumba keshaisafisha. Mhasibu keshakupa hesabu, umeshazipeleka kodi. Mwalimu wa madrasa hawezi kuzizuia juzuu alizokwisha kuhifadhisha mwanao. Hawa wametoa kazi yote, na mikono yao haina kitu. Ndiyo maana tunawalipa mwisho. Fundi tunamkimbilia kwa sababu tunaitaka kanzu!

Lakini usidhani hawana dhamana. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu ametaja watu watatu ambao Yeye Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Asiye na kitu cha kuzuia, msimamizi wa dai lake ni Allah. Nani atashinda kesi hiyo?

Na Mtume ﷺ ameita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Hakusema ni uzembe.

Basi kabla hujaagiza tende za kufuturisha watu, fungua simu yako. Kuna mtu unamwambia "wiki ijayo" tangu Rajabu? Mtumie leo, kabla ya Magharibi. Kama huna, mpigie, mwombe muda, usijifiche.

Ewe Mola, tusaidie tulipe haki za waja Wako kabla hatujasimama mbele Yako. Aamin. 🤲