Mwanangu, Lipe Joto Njia

Mwanangu, kaa nikwambie, na leo nitasema polepole kwa sababu nimelisema jambo hili miaka mingi na halikusikika. Hiyo kompyuta unayoiita kuukuu haijazeeka. Imeshikwa na joto. Nyinyi vijana mnazijua prosesa mpya zote kwa majina na bei, lakini nikimuuliza mmoja wenu prosesa iliyomo kwenye mashine yake ya nyumbani inafanya kazi kwenye nyuzi ngapi za joto, ananikodolea macho. Hapo ndipo ninapochoka. Hela ya nyumba inatoka kwenda kununua mashine nyingine, na ile ya kwanza inauzwa kwa bei ya kutupa kwa mtu atakayeitoa vumbi na kuitumia miaka.

Anza kwa kujua hili: umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka ukiwa joto. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani huandikiwa wati 65. Zile kubwa za wacheza geimu hula zaidi. Core i9-13900K ya Intel inaruhusiwa kupanda hadi wati 253. Joto lote hilo linazaliwa kwenye kipande cha silikoni ambacho eneo lake halifiki sentimita 3 za mraba. Ndiyo maana limetengenezewa njia. Kutoka kwenye prosesa linapita kwenye pesti, ule urojo uliopakwa juu yake, linaingia kwenye hitisinki, lile pande la alumini au shaba lenye mapezi, feni inalipeperusha kutoka kwenye mapezi, feni ya nyuma inalisukuma nje ya kesi, na mwisho linaingia chumbani mwako. Njia ikiziba mahali popote, joto linarudi lilikotoka.

Zamani prosesa ikikosa hitisinki iliweza kufa. Mwaka 2001 watu wa tovuti ya Tom's Hardware walirekodi video wakiziondoa hitisinki huku kompyuta zinafanya kazi. Athlon ya AMD iliungua mpaka moshi ukatoka. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo ikaendelea kuishi. Leo prosesa zote zina kinga hiyo. Nyingi za Intel zimewekewa ukomo wa nyuzi 100, nyingi za Ryzen za AMD nyuzi 90 au 95. Zikikaribia hapo zinapunguza mwendo zenyewe, na joto likizidi kupanda mashine inajizima.

Hiyo kinga ni rehema kubwa, lakini ndiyo inayokudanganya. Mashine haikupigii kelele. Inapunguza tu mwendo, kimya kimya. Wewe unaona video inakwamakwama, geimu inasuasua, faili zinachelewa kufunguka, unasema imechoka. Kumbe prosesa iliyonunuliwa kwa ajili ya gigahezi 4 inatembea kwa 2, na mwenye mali hana habari.

Tuje kwenye chumba, maana hapo ndipo mnapopotezwa na ushauri wa watu wa nchi za baridi. Feni haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayovutwa. Chukua mashine ambayo ikifanya kazi nzito hupanda nyuzi 45 juu ya joto la chumba. Kwa mtu wa London mwenye chumba cha nyuzi 22, prosesa itasimama kwenye 67. Kwako wewe, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, msimu wa kaskazi, chumba kikiwa na nyuzi 32, mashine ile ile itasoma 77. Haina ubaya wowote. Imekwenda na hewa iliyopewa. Sasa ongeza vumbi la miaka mitatu, ongeza pesti iliyokauka, na nyuzi 20 nyingine zinaingia bila hodi. Wa London ana nafasi ya kuzembea. Sisi wa pwani hatuna.

Kwa hiyo usishtuke ukisoma nyuzi 45 au 50 mashine ikiwa imetulia mchana wa Februari. Usishtuke na 75 ikiwa kazini. Lakini prosesa ya wati 65 ikikaa juu ya 90, iandikie kwamba ni mgonjwa. Ryzen za mfululizo wa 7000, zilizotoka 2022, zina sheria yao: AMD wenyewe walisema zimeundwa kufika 95 kwenye kazi nzito na kukaa hapo. Ijue prosesa yako kabla ya kuihukumu.

Kupima ni bure. Kwenye Windows kuna programu za HWiNFO na Core Temp. Kwenye Linux kuna amri ya sensors. Acha mashine itulie dakika kumi, soma. Kisha ipe kazi ya kweli nusu saa, soma tena, na utazame pia mwendo wa prosesa kama unashuka. Halafu fanya jaribio moja ambalo mafundi wengi wavivu hawalifanyi: zima, fungua ubavu wa kesi, washa, rudia kazi ile ile. Nyuzi zikishuka kumi au zaidi, tatizo ni hewa ya ndani ya kesi haitoki. Zisiposhuka, tatizo liko kwenye hitisinki au pesti. Umeshajua pa kushika kabla hujatoa hata senti.

Ukiifungua, usitazame feni tu. Feni inaweza kuwa safi inazunguka vizuri, ukafurahi ukafunga. Ing'oe feni utazame chini yake, pale inapokutana na mapezi ya hitisinki. Hapo ndipo vumbi linapogandia. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, kwa hiyo vumbi halibaki kuwa vumbi. Linashikana na nyuzi za nguo na nywele, linakuwa tabaka zito la kijivu unaloweza kulinyanyua kwa ukucha likatoka zima. Feni inazunguka juu yake kwa nguvu zote na hewa haipiti.

Zima mashine, chomoa waya ukutani, itoe barazani. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ndipo upulize na blowa, maana feni ikizungushwa kwa upepo mkali bearingi zake zinaharibika. Na nakuomba sana, usiipeleke kwa fundi pancha ikapulizwe na kompresa. Tangi la kompresa lina maji ndani, na maji hayo yanatoka pamoja na upepo. Nimeona mashine nzima zikienda huko na kurudi maiti.

Pesti nayo ina umri. Kompyuta za mtumba za maofisini zinazoingia madukani kwetu kutoka Ulaya na Dubai nyingi bado zina pesti ya kiwandani, imekuwa chokaa. Ifute ya zamani kwa kitambaa laini na alkoholi ya isopropili mpaka chuma king'ae, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, kandamiza hitisinki wima, basi. Usijaze. Kazi ya pesti ni kufukuza hewa kwenye mikwaruzo midogo kati ya vyuma viwili. Ikiwa nene inakuwa kizuizi. Wanaopaka dawa ya meno waache na mambo yao, inakauka kwa siku chache na unaanza upya.

Hitisinki za Intel zina miguu minne ya plastiki, na kila mguu lazima ulie, uingie, utokeze nyuma ya bodi. Mmoja ukiwa nusu, hitisinki imeinama na kona moja ya prosesa haiguswi. Kwa Ryzen za soketi ya AM4, washa mashine kidogo kwanza pesti ilainike, izime, chomoa umeme, ndipo uzungushe hitisinki kushoto na kulia taratibu kabla ya kuinyanyua. Ukiivuta kwa pupa, prosesa inang'oka nayo na pini zinapinda. Na ukinunua hitisinki mpya, geuza chini utazame kama kuna karatasi ya nailoni. Ibandue.

Kisha mahali pa kuiweka. Usiisukumize ukutani mgongo ukaziba. Iachie shibiri moja. Usiifungie kabatini. Mama yako anapenda kukifunika kila kifaa kwa kitambaa cha kufuma, na ni pambo zuri la nyumba. Mwombe kwa adabu kifunike mashine ikiwa imezimwa na kupoa, kisifunike ikiwa inawaka. Laptopi isiwekwe kwenye godoro wala mto, kwa sababu nyingi huvuta hewa tumboni. Wala usiitie kwenye friji, kama wengine wanavyofanya. Ikitoka kwenye baridi na kukutana na hewa ya pwani inalowa nje na ndani.

Mashine ikiwa safi na bado inapanda, iongoze. Kwenye Windows, mipangilio ya umeme ina sehemu ya kiwango cha juu cha prosesa. Ukiishusha kutoka asilimia 100 hadi 99, kompyuta nyingi zinaacha kile kitendo cha kujirusha juu ya mwendo wao wa kawaida, na joto linashuka sana. Kwa mtu wa kuandika, kusoma na kutazama video, hutaona tofauti ya kazi. Kuhusu kupooza kwa maji, sikukatazi, ila elewa kwamba rejeta yake nayo inalimwaga joto kwenye hewa ile ile ya chumba, na ina pampu ambayo siku moja itakufa. Kwa kompyuta ya nyumbani, hitisinki kubwa nzuri yenye feni ya sentimita 12 inatosha.

Utaniambia, mzee, si prosesa inajilinda? Inajilinda yenyewe, ndiyo. Majirani zake je? Kapasita zilizoizunguka hazina kinga. Kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba kapasita yenye maji ndani hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Betri ya laptopi inayochomwa kila siku huvimba, ikasukuma kibodi, na betri iliyovimba ni hatari ya moto ndani ya nyumba. Prosesa itabaki nzima katikati ya bodi iliyokufa, na wewe utaambiwa bodi haipatikani.

Nakuomba basi, Jumamosi hii, kabla jua halijapanda, chukua bisibisi ufungue mashine yako. Andika nyuzi za kabla na nyuzi za baada kwenye karatasi, ibandike ndani ya ubavu wa kesi pamoja na tarehe. Kaskazi nyingine ikiingia, fanya tena.